Kesi ya mfungwa inavyofia masjala

Ukisoma kwamba mahakama ya Marekani "imetupilia mbali" kesi ya mfungwa aliyedai kupigwa na askari jela, la kwanza kukujia akilini ni kwamba ushahidi ulimwangusha. Ama alisema uongo, ama alitia chumvi. Kesi imetupwa, basi hakukuwa na kitu.

Sasa uchukue uamuzi wenyewe uusome. Mara nyingi hutakuta humo neno kuhusu kipigo. Hakuna shahidi aliyehojiwa, hakuna daktari aliyeitwa, kamera za korido hazikuangaliwa. Kurasa zote zinazungumzia karatasi: fomu ya malalamiko ilijazwa lini, ilipelekwa kwa nani, ilirudi lini, na ile ya rufaa ya ndani ilichelewa siku ngapi. Askari hakusafishwa. Hakuulizwa chochote.

Magazeti yetu nayo yanachangia kuchanganya mambo, maana neno "kutupilia mbali" hubebeshwa maana mbili. Wakili yeyote wa Dar es Salaam anajua kwamba shauri kufutwa si sawa na shauri kutupwa. Likifutwa, limeondolewa masjala kwa kasoro. Rekebisha kasoro, urudi. Likitupwa, limekwisha, na njia iliyobaki ni rufaa. Marekani wanayo tofauti hiyohiyo. Kesi nyingi za wafungwa zinazokwama kwa utaratibu huondolewa kwa namna ya kwanza, ile ya "rekebisha urudi". Kwenye karatasi mlango umeachwa wazi. Tatizo ni kwamba muda wa kurekebisha huwa umeshapita siku nyingi, kwa hiyo aliyefutiwa na aliyetupiwa wanarudi selo ileile na jibu lilelile.

Ili kuelewa walivyofika hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Mwaka 1871, miaka 6 baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulikabili kundi la Ku Klux Klan, lililokuwa likiwaua na kuwatisha watu weusi wa Kusini huku masherifu wakitazama pembeni. Kifungu kimoja cha sheria hiyo leo kinaitwa kwa namba yake, 1983. (Si mwaka, ni namba ya kifungu, wengi hujikwaa hapo.) Kinasema kwamba mtu anayetumia mamlaka ya jimbo kukunyang'anya haki uliyopewa na katiba, unaweza kumshtaki yeye mwenyewe umdai fidia.

Kifungu hicho kililala karibu karne nzima. Kiliamshwa mwaka 1961 katika kesi ya Monroe dhidi ya Pape, iliyowahusu polisi wa Chicago. Mwaka 1964 ikaja Cooper dhidi ya Pate, ya mfungwa Mwislamu wa Illinois aliyenyimwa machapisho ya dini yake, na ikawa wazi kwamba mfungwa naye anaweza kukitumia. Mwaka 1976, katika Estelle dhidi ya Gamble, mfungwa wa Texas aliyeangukiwa na robota la pamba akiwa kazini aliiletea Mahakama ya Juu madai aliyoyaandika kwa mkono wake, na mahakama ikatamka kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni adhabu ya kikatili iliyokatazwa na katiba. Yeye mwenyewe dai lake dhidi ya daktari lilishindwa, kwa kuwa wahudumu wa afya walikuwa wamemwona mara 17 ndani ya miezi mitatu. Kanuni ikabaki kwa ajili ya wengine.

Mlango ulikuwa umefunguka, na watu wakaingia. Kufikia mwaka 1995 wafungwa walikuwa wakifungua takriban kesi 40,000 kwa mwaka katika mahakama za shirikisho. Wanasheria wakuu wa majimbo wakaanza kutembeza orodha za kesi walizoziita za kipuuzi. Iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya siagi ya karanga: mfungwa ameishtaki serikali, ikasemwa, eti kwa sababu ameletewa siagi laini badala ya ile yenye chembechembe. Wabunge waliirudia, magazeti yakaicheka.

Jaji Jon Newman wa mahakama ya rufaa ya shirikisho inayohudumia New York alikwenda kulitafuta jalada. Mfungwa alikuwa ameagiza makopo mawili kwenye duka la gereza. Moja likaja sivyo, akalirudisha, akaahidiwa kwamba la kwake litaletwa. Usiku uleule akahamishiwa gereza jingine. Kopo halikumfuata, na dola 2.50 zikabaki zimekatwa kwenye akaunti yake. Kwa mtu anayelipwa senti kwa saa, hilo ni dai la fedha yake wala si la ladha ya siagi. Dogo, ndiyo, lakini dai. Newman aliyachapisha hayo mwaka 1996 katika jarida la sheria, na hayakubadili kitu. Tarehe 26 Aprili mwaka huohuo Rais Clinton alitia saini sheria ya marekebisho ya mashauri ya wafungwa, iliyokuwa imepachikwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti.

Ndani ya sheria hiyo kuna sentensi moja inayoua kesi nyingi. Inasema mfungwa hataruhusiwa kufungua kesi kuhusu hali za gerezani mpaka amalize njia za malalamiko zilizopo ndani ya gereza. Kabla ya hapo jaji alikuwa na hiari: angeweza kuisimamisha kesi kwa muda akamwambia mfungwa ajaribu kwanza huko ndani. Kuanzia 1996 hiari ikaondoka, ikawa lazima.

Tusiwaonee waliotunga. Hoja yao si ya kubeza. Godoro likikosekana, bwana jela anaweza kulileta leo mchana. Jaji wa shirikisho atalifikia baada ya miaka miwili. Lalamiko likiandikwa mapema, mashahidi bado wanakumbuka na jeraha bado linaonekana. Kokote duniani mtu huambiwa aanze kwa mjumbe kabla ya kwenda kwa mkuu wa mkoa. Swali gumu ni nini kinampata aliyeruka ngazi, au aliyeteleza akiwa katikati ya kupanda.

Jibu lilitoka tarehe 22 Juni 2006, katika Woodford dhidi ya Ngo. Mfungwa wa San Quentin, California, aliwekwa kwenye kifungo cha kutengwa akituhumiwa mwenendo usiofaa alipokuwa na wahudumu wa kujitolea wa kanisa la gereza. Baada ya miezi miwili akarudishwa kwa wenzake, lakini anadai alizuiwa kushiriki programu maalumu, zikiwemo za dini. Gerezani kwao malalamiko huandikwa kwenye fomu namba 602. Wafungwa wa California huitaja kwa namba tupu, kama sisi tunavyoitaja PF3 ya polisi. Siku za kuijaza zilikuwa 15 za kazi. Yeye aliipeleka baada ya miezi kama sita. Ikarudi na jibu kwamba amechelewa. Akakata rufaa ya ndani, nayo ikarudi na jibu hilohilo. Akaenda mahakamani.

Ubishi wote ukawa juu ya neno moja: kumaliza. Mawakili wake walisema amemaliza, kwani ndani ya gereza hakuna tena pa kwenda, kila mlango umefungwa. Mahakama ya rufaa ikakubali. Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikakataa. Jaji Alito aliandika kwamba kumaliza ni kumaliza ipasavyo, kwa kufuata tarehe na masharti ya gereza lenyewe. Kwa mfano wa stendi, ukilikosa basi la mwisho ni kweli huna tena basi la kupanda, lakini hujafika. Jaji Stevens alipinga, akieleza kwamba kwa tafsiri hiyo mfungwa anapoteza haki ya kikatiba kwa kosa dogo la karatasi. Jalada likarudi chini, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikathibitisha kwamba kesi imekwisha. Miaka yote hiyo suala la kanisa na zile programu halikusikilizwa.

Kinachonikera katika uamuzi huo si ile tarehe yenyewe. Ni nani aliyeipanga. Sheria ya 1996 haikutaja siku hata moja. Iliwaachia magereza yajiwekee ngazi, fomu na muda wake, na kwa kesi ya Ngo masharti hayo yakageuzwa kuwa kufuli la mlango wa mahakama. Anayeshtakiwa ndiye anayetunga kanuni zitakazoamua kama anaweza kushtakiwa. Utaratibu wa Michigan ulivyoelezwa mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2007 ulimpa mfungwa siku 2 za kazi kujaribu kulimaliza jambo kwa mazungumzo na mhusika, kisha siku 5 za kazi kujaza fomu. Mazungumzo na mhusika, maana yake umtafute askari unayedai alikupiga, mzungumze. Fomu ikiwa na masuala mawili tofauti inarudi. Ikiwa haisomeki inarudi. Raia aliyepigwa na polisi barabarani Detroit, jimbo hilohilo, ana miaka mitatu ya kufungua kesi chini ya kifungu hichohicho cha 1983.

Watu wa gerezani huko huwa na bahasha nene wanayolala nayo. Ndani yake kuna nakala za kila fomu, na kwenye kila nakala wanaandika tarehe na jina la askari aliyeipokea, kwa sababu fomu ikishatumbukizwa kwenye sanduku la malalamiko haiko tena mikononi mwao. Ukihamishwa usiku, mizigo hufuata baadaye, na wakati mwingine bahasha haifuati.

Mfano mwingine ni wa wakati wa korona. Gereza la Pack huko Texas lina wazee wengi na wagonjwa wa muda mrefu. Wafungwa wawili wazee walifungua kesi mwaka 2020 wakitaka sabuni, vitakasa mikono na nafasi kati ya mtu na mtu. Jaji wa Houston aliwasikiliza na kutoa amri. Mahakama ya rufaa ikaisimamisha, na moja ya sababu ikawa ileile: hawakumaliza ngazi za malalamiko. Ngazi za Texas zingeweza kuchukua siku hadi 160. Virusi havikungoja. Wafungwa wapatao 20 wa gereza hilo walikufa, na mwezi Novemba Mahakama ya Juu ilipokataa kuingilia, Jaji Sotomayor aliandika pingamizi kali akiungwa mkono na Jaji Kagan. Msimamo wa mahakama ya rufaa ulikuwa kwamba utaratibu kuwa wa polepole hakuufanyi usiwepo.

Ukichelewa unakufa, lakini ukiwahi pia unakufa. Mahakama nyingi za Marekani zinashikilia kwamba ngazi lazima ziwe zimekwisha siku ile kesi inapofunguliwa. Kuzimaliza huku kesi ikiendelea hakusaidii. Somo hilo lilikuwepo hata kabla ya sheria ya 1996. Katika McNeil dhidi ya Marekani, ya mwaka 1993, mfungwa asiye na wakili aliwahi kuishtaki serikali kuu kabla ya kupeleka dai kwa idara husika. Akapeleka dai baadaye, likakataliwa, na kesi yake ilikuwa haijapiga hatua yoyote ya maana. Mahakama ya Juu kwa kauli moja ikasema aondoke: alikuja mapema. Ikaongeza kwamba kanuni za kawaida za kesi za madai hazilegezwi kwa sababu mtu hana wakili. Ilikuwa imesema mwaka 1972, katika Haines dhidi ya Kerner, kwamba maandishi ya mfungwa asiye na wakili yasomwe kwa huruma. Kwa hiyo huruma ipo kwenye lugha yako, lakini kwenye tarehe haipo.

Na wakili hupewi. Ile haki ya wakili wa serikali tunayoiona kwenye filamu za Marekani ni ya kesi za jinai. Hapa mfungwa ndiye mdai, na shauri ni la madai. Jaji anaweza kumwomba wakili ajitolee, lakini hawezi kumlazimisha. Sheria ya 1996 ikabana pia ada ambayo wakili anaweza kulipwa na upande ulioshindwa, kwa hiyo hata anayetaka kusaidia hupiga hesabu mara mbili. Mtu aliyeishia darasa la nane anaandika hati ya madai kwa kalamu, akiuliza wenzake.

Tuseme ngazi amezimaliza zote. Yako mashimo mengine njiani. Ukomo wa muda, kwa mfano, huazimwa kutoka sheria ya majeraha ya jimbo husika: Michigan miaka mitatu, majimbo mengi miwili, Tennessee na Kentucky mmoja tu. Mwaka mmoja ni mfupi hasa kwa mtu asiyejua jina la aliyempiga. Kikosi cha kutuliza ghasia huingia selo kimevaa kofia na ngao, hakivai vibandiko vya majina mfungwa avisome. Basi anaandika "John Doe", jina la kujazia, akitumaini atapata jina halisi nyaraka zikifunguliwa. Likipatikana baada ya ukomo kupita, mahakama nyingi humwambia kwamba kuongeza jina sasa ni kumshtaki mtu mpya, na mtu mpya muda wake umekwisha. Kutolijua jina, wanasema, si sawa na kulikosea.

Kisha samansi. Mdaiwa lazima afikishiwe wito ndani ya siku 90 tangu kesi kufunguliwa. Kwa mfungwa aliyesamehewa kulipa ada papo kwa papo, maafisa wa mahakama ndio hupeleka, lakini jina na mahali pa kumpata mdaiwa ni juu ya mfungwa kuvitoa. Askari akiwa ameacha kazi, nani atampa mfungwa anwani ya nyumbani kwa askari? Na wasiwasi huo unaeleweka.

Shimo la kijinga kuliko yote, kwa maoni yangu, ni la anwani ya mfungwa mwenyewe. Kanuni za mahakama nyingi zinamtaka mdai aitaarifu masjala kila anapohama. Mfungwa hahami kwa kupenda. Anaamshwa alfajiri, anafungwa pingu, anapandishwa basi. Barua ya jaji inafika gereza la zamani, inarudi mahakamani na mhuri wa posta kwamba mwenyewe hayupo. Siku zinapita, jaji anaandika kwamba mdai ameshindwa kuifuatilia kesi yake. Serikali inayomshikilia inajua alipo kila dakika, inamhesabu asubuhi na jioni, na mahakama inamfuta kwa kutojulikana alipo.

Fedha nayo ina hesabu zake. Ada ya kufungua kesi ni dola 350 kwa anayekubaliwa kuwa hana uwezo, na sheria ya 1996 ilisema mfungwa hasamehewi, atalipa kidogo kidogo. Kila mwezi ambao akaunti yake ina zaidi ya dola 10, hukatwa asilimia 20 ya kilichoingia mwezi uliotangulia. Mwenye kuingiza dola 30 kwa mwezi, labda kutoka kwa mama yake, anakatwa dola 6. Itamchukua karibu miaka mitano. Kesi ikifutwa wiki ya pili, makato yanaendelea. Na mwaka 2016, katika Bruce dhidi ya Samuels, Mahakama ya Juu ilisema mwenye kesi kadhaa anakatwa asilimia 20 kwa kila moja. Kesi tano, fedha yote imekwenda. Huko Texas na Georgia kazi za kawaida za gerezani hazilipwi kabisa, kwa hiyo kinachokatwa ni cha ndugu walio nje.

Juu ya ada kuna kanuni ya mara tatu, waliyoiazima kwenye besiboli. Kwetu tungesema kadi. Kesi ikiondolewa kwa kuwa ni ya kipuuzi, ya nia mbaya au haionyeshi dai lolote la kisheria, unapata kadi. Ukifikisha tatu, huruhusiwi tena kulipa kidogo kidogo. Lete ada yote mkononi, isipokuwa uonyeshe kwamba uko kwenye hatari ya karibu ya kuumizwa vibaya. Mwaka 2020, katika Lomax dhidi ya Ortiz-Marquez, mfungwa wa Colorado alisema kesi zake mbili za nyuma ziliondolewa kwa ile namna ya "rekebisha urudi", kwa hiyo zisihesabiwe. Majaji wote tisa wakasema zinahesabiwa. Ile tofauti ya kufutwa na kutupwa, hapa haina kazi.

Baada ya 1996 idadi ya kesi iliporomoka huku idadi ya wafungwa ikipanda. Waliotunga sheria wanasema imefanya kazi. Kwa kipimo chao, ni kweli.

Sisi wa huku tusicheke kwa mbali. Anayetaka kuishtaki serikali ya Tanzania lazima atoe taarifa ya siku 90 kwanza. Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha, ambako wafungwa wa Tanzania walipeleka maombi mengi, wengi wao bila wakili, nayo inadai kwamba njia za ndani ya nchi ziwe zimemalizwa. Tofauti ni jinsi wanavyolipima neno hilo. Katika Alex Thomas dhidi ya Tanzania, mwaka 2015, serikali ilidai kwamba mwombaji alikuwa bado na njia ya mapitio katika Mahakama ya Rufani. Mahakama ikajibu kwamba anatakiwa kumaliza njia za kawaida tu, na mapitio si njia ya kawaida. Ikaendelea kusikiliza kiini, na akashinda sehemu kubwa ya madai yake. Serikali ikaondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda huko moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa maombi mapya. Hayo ni makala nyingine.

Hata huko Marekani kuta zina nyufa. Mwaka 1988, katika Houston dhidi ya Lack, mfungwa alimkabidhi askari barua ya kukata rufaa siku 3 kabla ya muda kwisha, na masjala ikaigonga mhuri siku 1 baada ya muda kwisha. Mahakama ya Juu ikasema siku inayohesabika ni ile aliyoitoa mkononi, kwa sababu toka hapo hana tena uwezo juu ya barua hiyo, na kitabu cha posta cha gereza kilionyesha tarehe. Mwaka 2007, Jones dhidi ya Bock ikatamka mambo mawili makubwa: mfungwa halazimiki kuthibitisha mwanzoni kwamba amemaliza ngazi, ni juu ya gereza kulileta hilo kama utetezi, na dai moja likiwa na kasoro lisiyazamishe yote. Mwaka 2016, Ross dhidi ya Blake ikaeleza lini ngazi huhesabiwa hazipo: zikiwa hazimfikishi mtu popote, zikiwa na utata ambao hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuuelewa, au maafisa wakimzuia kwa hila, uongo au vitisho.

Hapo pa vitisho ndipo ubishi ulipohamia. Mfungwa anasema alizuiwa, askari anasema si kweli. Nani aamue? Kwa miaka mingi aliamua jaji peke yake, mwanzoni kabisa, kama anavyoamua pingamizi la awali. Mwanafunzi yeyote wa sheria wa Afrika Mashariki angenyanyua mkono hapa, kwa sababu tumekaririshwa kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969: pingamizi la awali ni hoja tupu ya sheria, na likihitaji kutafuta ukweli wa jambo, si pingamizi tena.

Wao wamefika karibu na hapo kwa njia yao, tarehe 18 Juni 2025. Kesi ni Perttu dhidi ya Richards, ya Michigan tena. Mfungwa anadai kwamba mfanyakazi wa gereza alimsumbua kingono, na kwamba alipoandika fomu za malalamiko, mtu huyohuyo alizichana na kumtishia. Mfanyakazi anakana. Jaji wa chini aliona mashahidi wa mfungwa hawaaminiki, akaiondoa kesi kwa kutomaliza ngazi. Lakini kuchanwa kwa fomu kulikuwa pia sehemu ya madai yenyewe, maana kumwadhibu mtu kwa kulalamika ni kosa la kikatiba. Ukiamua la fomu, umeamua la kesi. Kwa majaji 5 dhidi ya 4, Jaji Mkuu Roberts akaandika kwamba mambo mawili yakishikana hivyo, aamue baraza la wananchi, wale raia wanaokaa pembeni ya jaji kusikiliza ushahidi, na si jaji peke yake.

Hivyo swali la kama fomu ilichanwa litaulizwa mbele ya raia wanaomtazama usoni anayejibu, na kwa mara ya kwanza katika kesi hiyo swali la fomu na swali la alichofanyiwa mtu yatasikilizwa siku moja.